Arobaini na Mmoja Waliobonyeza

Ujumbe uliingia Jumamosi asubuhi, Kahaso akiwa na uzi mdomoni na hando la mtu, ile sketi ya asili ya marinda, mapajani, na kwa hivyo aliyeichukua simu pale dirishani alikuwa mumewe. Laiti angekuwa na mkono mtupu! Lakini mshona hando hana mkono mtupu. Kitambaa cheupe chote kile, rinda limebanwa juu ya rinda, ukiachia kidogo tu yanafumuka na kazi ya siku nzima inakwenda na maji.

"Nisomee basi, baba Nyevu," alisema, uzi ungali kwenye meno. "Huenda ni yule Bridgit wa Kilifi."

Nzai alikuwa msomaji wa polepole. Midomo ilimcheza, na alipofika mwisho alirudi mwanzo. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati ya Muyeye tangu alfajiri, mvua hiyohiyo iliyofunga mashamba ya chumvi ya Marereni na kumrudisha nyumbani wiki mbili kabla. Mtu wa chumvi mvua ikinyesha hana kazi. Atakaa nyumbani, atazame sufuria.

"'Habari njema, Mama Nyevu,'" alisoma kwa sauti. "'Mwezi huu watu arobaini na mmoja wamebonyeza kukupigia simu. Lengo la tovuti tumelifikia na kulipita. Hongera. Lynn.'"

Kahaso akacheka kwa furaha. Masikini, akacheka! Alikuwa amengoja habari hiyo tangu tovuti ilipofunguliwa, na hakuona sababu ya kuificha furaha yake mbele ya mumewe mwenyewe.

"Arobaini na mmoja," alisema Nzai.

"Si nilikwambia? Ukanambia ni kutupa pesa bure."

"Wamebonyeza."

"Ndio."

"Wamebonyeza wapi?"

Hapo Kahaso akautoa uzi mdomoni. Aliijua sauti ya mumewe ikishuka namna ile. "Pana kitufe pale, baba Nyevu. Mtu akitaka kunipigia anakibonyeza, simu inalia kwangu."

"Kiko chini ya picha."

"Kiko chini ya picha."

"Picha yako. Ile umesimama umetupa mgongo, umelivaa hando, na matako yote nje."

"Nje vipi? Si nimevaa? Hando huonekana nyuma! Ningepigwa mbele watu wangeona nini, tumbo? Na ningemlipa nani akae kwenye picha badala yangu?"

Nzai alisimama pale dirishani akiigeuzageuza simu, kisha akalitoa lililokuwa likimkaa rohoni kwa siku nyingi, na alilitoa bila kumtazama. Kule Marereni, siku moja kabla ya mvua, walikuwa wamekaa bandani kungoja lori. Kijana mmoja wa kupakia akawa na simu, na simu ile ikapita mkono kwa mkono, watu wakipiga miluzi. Ilipomfikia yeye akaona mwanamke amempa mgongo, na mbele ya mwanamke pana mlango wa buluu wenye kiraka cha bati. Mlango ule aliupaka rangi yeye mwenyewe.

"Wakaniuliza, 'Nzai, mbona umenyamaza, humpendi?' Nikacheka nao. Nilicheka, Kahaso! Ningefanya nini?"

Kahaso aliona haya kwa niaba yake, na akamwonea huruma pia. Angalisema hivyo, pengine mambo yangalitulia. Lakini alisema, "Sasa hao ndio wateja wangu? Wateja wangu ni wanawake."

"Wanawake arobaini na mmoja," alisema Nzai. "Haya. Basi nitawapokea mimi." Akaitia simu mfukoni mwa suruali, akafunga kifungo.

&nbsp;

Mwenye kosa la kile kitufe, kama ni kosa, alikuwa Kahaso mwenyewe. Lynn Mutuku, binti wa Kikamba aliyezaliwa papa hapa Malindi na mwenye saiba, duka la intaneti, kando ya soko, alimwuliza siku ya kwanza kabisa, kabla hajagusa kompyuta: "Mama Nyevu, mtu akishaifungua hii tovuti, wataka afanye nini?"

"Anijue."

"Akishakujua?"

"Aipende kazi yangu."

"Akishaipenda, afanye nini? Wengi huja hapa wakanambia, nitie mtandaoni. Nikiwauliza ili iwe nini, wananitolea macho. Chagua jambo moja, tutaliweka liwe ndilo lengo, na kila mwezi tutatazama kama limetimia."

Kahaso alifikiri sana, ameketi kwenye benchi la saiba. Kuuza mtandaoni moja kwa moja hakungewezekana, maana hando halinunuliwi kama ndoo. Hukaa juu ya nyonga, na likikosea upana wa vidole viwili linabana au linaanguka mbele za watu, na hiyo ni aibu ya kusimuliwa mpaka Mariakani. Sharti fundi apate vipimo, na vipimo vya nyonga mwanamke hamwandikii mtu asiyemjua. Anamwambia fundi wake, mwanamke mwenzake, kwa sauti ya chini, na mara nyingine anadanganya kidogo na fundi anamjua kwa sauti kuwa amedanganya, anamwongezea.

"Anipigie," alisema mwishowe. "Akifungua, apige simu. Nisikie sauti yake."

"Hilo ni lengo zuri," alisema Lynn, na kweli lilikuwa zuri.

&nbsp;

Simu ya kwanza ililia kabla ya saa sita. Nzai alifungua kifungo cha mfuko, akaketi wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Alo."

Pumzi ya mtu ikasikika kidogo, kisha simu ikakatwa.

Ya pili ikaja baada ya chakula. "Alo! Nani mwenzangu?" Ikakatwa. Ya tatu mtu alisema "Ee," basi, akakata. Nzai aliiweka simu juu ya meza ya cherehani, akamtazama mkewe kwa muda mrefu, naye Kahaso akazidi kuinamia marinda.

"Waniambia ni wateja," alisema Nzai. "Mteja akipiga simu dukani akasikia sauti ya mwanamume, hukata?"

"Duka la kunde hakati. Duka la hando anakata. Baba Nyevu, mwanamke amepiga simu ataje nyonga zake, anasikia 'alo' la mwanamume. Wataka akutajie wewe?"

"Aseme tu nataka fundi. Mwenye nia njema haoni haya."

"Mwenye nia njema ndiye huona haya!"

"Sawa. Nitampigia mwenyewe."

Akapiga ile namba ya mwisho. Na Mungu naye wakati mwingine hana msaada, iliyopokea ilikuwa sauti nene ya mwanamume.

"Alo! Nani wewe?" Sauti ilijaa chumba kizima.

"Wewe ndiye nani?" alisema Nzai, akasimama. "Umenipigia sasa hivi."

"Mimi? Mimi nimetoka shambani sasa hivi, simu nimemkuta nayo mke wangu. Wewe ndiye unayepigiwa na mke wangu?"

"Mwulize mkeo basi!"

"Nakuuliza wewe, mshenzi wee! Wamjuaje mke wangu?"

Nzai alikata yeye. Alikuwa anatweta, jasho limemtoka puani. Kahaso alijaribu kujizuia, akauma ncha ya leso, asiweze, kicheko kikamponyoka.

"Wacheka?"

"Baba Nyevu, si umeona? Mwenzako huyo! Anakushuku wewe vilevile unavyonishuku mimi, na nyote wawili hamna mlifanyalo ila kuzuia hando lisishonwe."

"Huyo ana sababu ya kushuku," alisema Nzai. "Simu aliyonayo mkewe ndiyo iliyopiga hapa." Wala hakuona kwamba hapo amejihukumu mwenyewe. Mtu akishaingiwa na wazo la namna hiyo, kila kinachopita mbele yake hulilisha.

Na ukweli usemwe, palikuwa na mengine. Unga uliokuwa jikoni ulitoka kwenye hando. Karo ya Nyevu ilitoka kwenye hando. Hata ile sabuni aliyonyolea ndevu asubuhi. Miaka yote ya Marereni alikuwa akirudi mwisho wa wiki na mfuko mkononi, mtoto akimkimbilia. Sasa alikaa kwenye kiti chake mwenyewe akipishwa miguu ili kitambaa kipite. Hakuna aliyemwambia neno baya. Laiti lingekuwepo neno, angelijibu.

Jumatatu simu iliandika jina: Bridgit Kilifi. Huyu alikuwa amepiga wiki iliyotangulia na Kahaso mwenyewe alizungumza naye. Dada yake alikuwa anatolewa mahari Kibarani, kulekule Kilifi, mwezi unaofuata, na wanawake kumi na wawili wa kumsindikiza walitaka mahando ya sare. Kumi na wawili! Kahaso hajapata kazi kama ile tangu ajue kushika sindano. Walikubaliana Jumatatu atapiga, ataje vipimo vya wote.

"Ndiye huyo, baba Nyevu, nipe! Tazama jina. Bridgit. Ni mwanamke."

"Jina tu," alisema Nzai, akiishika simu mbali. "Hata mimi nikitaka kumficha mtu nitamwandika Fundi Mabati." Akapokea. "Alo! Wataka nini hapa?"

Ikakatwa. Ikalia tena, akafoka kabla hata ya alo, ikakatwa. Mara ya tatu haikulia.

Kahaso alilia waziwazi, mikono imeshika kitambaa cha watu. Nzai alimwacha amalize, kisha akasema bila hasira, na ule upole ndio uliomtisha mkewe zaidi. "Mvua hii ina mwisho. Ikikatika nitarudi Marereni, na sitawaacha hapa. Wewe na Nyevu mtakwenda Vitengeni kwa mama, mkalime. Kule simu haishiki, hata ukipanda juu ya paa. Cherehani tutaiuza."

&nbsp;

Tangu hapo Kahaso alikuwa akiliogopa jua. Akiamka, kitu cha kwanza ni kusikiliza mabati. Mvua ikipiga, anapumua.

Jumanne uzi mweupe ulikwisha, akamwonyesha mumewe kijiti cha uzi kitupu, akapewa ruhusa ya kwenda sokoni. Alinunua uzi mbio, akaingia saiba na viatu vya matope.

"Itoe namba yangu, Lynn. Itoe leo."

Lynn alidhani amekuja kumpongeza. Alipoelezwa alifunika mdomo. "Yaani ule ujumbe wangu… Mama Nyevu, nisamehe. Mimi nilifurahi tu."

"Najua. Sasa weka namba yako."

"Niweke yangu, nipokee mimi, niwaambie nini? Nyonga siwezi kuzipima kwenye simu, na nikikosea utalipa wewe kitambaa."

"Basi wasipige. Waandike ujumbe."

"Ujumbe utaingia wapi?"

Kila njia waliyoifikiria ilipita mfukoni mwa suruali ya Nzai. Waliijaribu hii, wakaijaribu ile, binti akibonyeza na kufuta, na mwisho wake ni ule mfuko na kile kifungo.

"Pana ramani," alisema Lynn polepole. "Naweza kuondoa kitufe cha simu, nikaweka ramani ya kumfikisha mtu hadi mlangoni. Lengo liwe mtu akifungua, aje mwenyewe. Lakini atakuja mpaka kwako, Mama Nyevu, na mzee yuko. Utaweza?"

Kahaso aliufikiria mlango wake wa buluu. Mwanamke akija na miguu yake, na mwili wake, na sauti yake, huyo hata Nzai hawezi kumgeuza mwanamume.

"Waje," alisema.

&nbsp;

Akaja mmoja tu, lakini jamani, alikuja!

Ilikuwa Alhamisi, mvua imepumzika, wanawake wamejipanga bombani na ndoo zao. Tuktuk ikasimama katikati ya matope, akateremka mwanamke mnene, mrefu, amevaa gauni la kitenge na raba za mvua, mfuko mkubwa begani, simu mkononi akiifuata kama mtu anayefuata harufu. Akafika mlango wa buluu. Nzai alikuwa ameketi kizingitini.

"Hodi hapa. Ndipo kwa fundi wa hando?"

"Wewe nani?" alisema Nzai.

Mwanamke akakaza macho. "Hebu sema tena."

"Nimesema, wewe nani?"

"Ee! Ndiye wewe!" Bombani ndoo zikatulia. "Ndiye wewe wa 'Wataka nini hapa'! Mimi ni Bridgit, natoka Kibarani. Nimepanda gari asubuhi yote hii, nimeacha nyumbani mgonjwa ninayemwuguza, kwa sababu kila nikimpigia fundi wangu napokewa na dume linanifokea! Bwana wee, ulitaka nikutajie nyonga zangu? Haya, nimekuja. Hizi hapa! Zipime!"

Akageuka, akampa mgongo, akajipiga mapajani kwa viganja viwili. Bombani walicheka hadi mmoja akamwaga maji yake yote. Nzai aliinuka, akasogea kando. Alikuwa ameshuku wanaume arobaini na mmoja, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye angemfanyia hivi.

Kahaso alitoka ndani akamshika Bridgit mkono, akamwingiza. Ndani Bridgit aliufungua mfuko, akamwaga mezani mafungu ya kamba. Kila mwanamke alikuwa amejipima nyonga mwenyewe kwa kamba ya katani, akafunga fundo pale ncha zilipokutana, akatia kitambaa cha rangi yake.

"Nimeogopa simu, nimewabeba wenyewe," alisema. "Hii nyekundu ni ya mke wa mchungaji, usimwonyeshe mtu." Akatoa malipo ya kwanza ya kazi, akamhesabia Kahaso mkononi, mlango ukiwa wazi.

Nzai alisimama kizingitini akizitazama zile kamba. Alitazama fundo moja moja. Kisha akavaa kofia yake, akapita bombani kichwa chini, na hakuna aliyemsalimu ila kwa kukohoa.

&nbsp;

Alirudi alasiri na samaki wawili wabichi wamefungwa ukindu. Hakuomba msamaha, na Kahaso hakuungoja. Wanaume wa kwao huomba msamaha kwa samaki. Aliufungua mfuko, akaiweka simu juu ya cherehani.

"Chukua."

"Ahsante, baba Nyevu."

"Mambo ya Vitengeni yameisha. Cherehani haiuzwi."

Kahaso alifurahi sana. Alikaanga samaki wote wawili siku ileile, hakubakisha wa kesho. Asubuhi jua lilipotoka, kali, likiukausha uwanja, alilitazama kwa macho mapya. Mvua imekatika. Nzai atakwenda Marereni, atarudi mwisho wa wiki na mfuko wake mkononi, na siku za katikati simu italia na yeye ataipokea. Hilo tu. Hakutaka zaidi ya hilo.

"Nyapara wa chumvi amekuita?" alimwuliza akimmiminia chai.

"Ameita." Nzai alipuliza chai. "Nimemwambia siendi."

"Huendi?"

"Nimefikiria sana, mama Nyevu. Nimeona ile pesa aliyoitoa yule mwanamke. Miaka mingapi navunja mgongo kwenye chumvi, miguu imepasuka, kumbe kazi iko hapa nyumbani, haina msimamizi? Wewe shona. Mengine niachie." Alisema kwa furaha ya kweli, uso wake umefunguka namna ambayo haujafunguka tangu mvua zianze. Kahaso hakuwa amemwona hivyo siku nyingi, na hakujua afanye nini na chai iliyokuwa mkononi mwake.

Siku hiyohiyo wakaenda saiba, mume mbele, mke nyuma. Lynn alimwamkia Nzai shikamoo, naye akaitikia marahaba vizuri sana, akavuta kiti.

"Binti, ile picha itoke. Weka hando peke yake, limetundikwa. Na hii ramani iondoe. Sitaki tena mtu kuja kunipigia kelele mlangoni, majirani wakapata sinema. Watu wapige simu."

"Wapige simu," alisema Lynn. "Namba ya Mama Nyevu?"

"Ya Mama Nyevu. Atazungumza nao yeye mwenyewe, mimi sina neno. Ila ataweka spika, nami nitakuwapo, nisikie biashara yangu inavyokwenda. Vipimo nitaandika mimi. Sitasema hata neno moja."

Lynn hakubonyeza kitu. Alimgeukia Kahaso, akamwuliza swali lilelile la siku ya kwanza, polepole, akimtazama machoni. "Na wewe, Mama Nyevu? Mtu akishaifungua, wewe wataka afanye nini?"

Kahaso alikuwa na jibu, lilikuwa limemjaa kifuani. Lakini alimwona mumewe, mikono juu ya magoti, amejipangusa viatu ili aje hapa, na akaona nyuma yake Vitengeni, na shamba, na mahali ambapo simu haishiki.

"Si alishasema toka mwanzo?" alisema Nzai kwa upole. "Apigiwe simu. Mimi sikubadilisha lengo lake."

"Ni kweli," alisema Kahaso. "Nilisema hivyo."

&nbsp;

Jumatatu ikafika. Kamba za Bridgit zilikuwa zimetundikwa msumarini, ile nyekundu ndani ya nyingine isionekane. Nzai alikuwa ameweka kiti chake upande wa pili wa cherehani, chaki ya kushonea mkononi, na kipande cha boksi magotini. Alikuwa amevaa shati la kutokea.

Simu ikalia. Yeye akanyoosha kidole, akaiweka spika, akamwashiria mkewe kwa kidevu.

"Alo," alisema Kahaso.

"Alo! Ni sauti ya mwanamke, ashukuriwe Mungu." Mtu alicheka upande wa pili, mwanamke kijana. "Dada, mimi napiga kutoka Mtwapa. Ni wewe fundi? Nilipiga siku ile nikapokewa na mwanamume, nikaogopa nikakata."

"Pole, dada. Ni mimi."

"Naolewa mwezi ujao. Mama mkwe ataka nivae hando, na mimi nimejaaliwa kidogo huku nyuma." Akacheka tena, kwa haya. "Vipimo nakwambia wewe tu, maana hata dada zangu sijawaambia. Sasa hivi uko peke yako hapo?"

Kahaso alimtazama mumewe. Nzai alikuwa ameinamia kipande chake cha boksi, ameshika chaki tayari, ametulia kabisa, hata pumzi ameibana ili asisikike. Alitimiza ahadi yake. Hakusema neno. Aliinamisha tu kichwa mara moja, kumwambia mkewe ajibu ndiyo.

Kwenye dirisha jua lilikuwa kali.

"Dada, wanisikia? Uko peke yako?"

"Niko peke yangu," alisema Kahaso. "Sema tu, dada."

Yule mwanamke akashusha sauti, akataja vipimo vyake, na Nzai akaviandika.